Eda Iliyonipita

Asubuhi ile mume wangu alikuwa anatundika mlango. Athumani alikuwa fundi seremala, na kijiji chetu kizima, ng'ambo ya mto Ruvuma, kililala nyuma ya milango yake. Sisi wenyewe tulijisetiri kwa mkeka uliochakaa. Mganga hajigangi, nilizoea kumwambia, naye hunijibu kwamba hakuna mwizi mwenye akili atakayekuja kuiba sufuria zangu zilizoungua. Nilipomtisha kwamba narudi kwetu Chilangala, alikokuja kunioa, ndipo akatafuta mbao za mninga na kuzipiga randa hadi zikawa laini.

Mama yake, Bi Asumini, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya mihogo na kumkosoa mwanawe: bawaba imekaa juu, kizingiti kimepinda. Binti yetu Zuhura alikuwa bado mdogo, ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno yakaeleweka. Mlango ulipokaa sawa, Athumani alitoka nje, akaufunga, akagonga mara tatu. "Wenyewe mpo?" Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi baba yake arudie mchezo huo tena na tena, na mimi nikamwambia aache upuuzi, muhogo hautajipika.

Habari za wenye bunduki tulikuwa tumezisikia kwa muda mrefu, vijiji vya upande wa pwani vikichomwa kimoja baada ya kingine. Jina moja la kuwaita hatukuwa nalo. Tulisema "wale", na kila mtu alielewa.

Risasi za kwanza zililia upande wa kisimani, jua halijafika utosini.

Athumani aliweka nyundo chini. Aliiweka polepole, nakumbuka, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Pita kwenye mikorosho, usishike njia," aliniambia. "Mimi namleta mama."

Bi Asumini alikuwa na mguu mbovu. Kutembea kwake kulikuwa kwa fimbo na kwa kupumzika.

"Tutakukuta mtoni," alisema Athumani.

Nilimfunga Zuhura mgongoni, nikakusanya kilichokuwa karibu, nikakifunga furushi. Kisha nikaurudishia ule mlango nyuma yangu. Sijui kwa nini. Niliufunga vizuri kama mtu anayekwenda shambani na atarudi jioni.

Moshi ulitukuta kwenye mikorosho.

Sikugeuka.

Mtoni niliwangoja. Tulikuwa kundi la wanawake na watoto, tukijificha kwenye matete, tukila ming'oko, mizizi ya porini tuliyoichimba kwa vijiti. Kila aliyetokea porini nilimtazama miguu kwanza, kwa sababu mwendo wa Athumani niliujua hata kwa mbali. Mwishowe mwenye mtumbwi akasema hataki kurudi tena upande ule. Nikavuka.

Mimi ni mzaliwa wa Chilangala, upande huu wa mto, kwa hiyo sikukaa sana na wenzangu waliopokelewa kama wakimbizi. Kaka yangu Saidi alikuja kunichukua. Alitupokea vizuri, na mkewe pia. Asije mtu akasema wifi yangu alinifukuza. Tatizo lilikuwa mimi. Bodaboda ikipiga mlio barabarani, nilikuwa nishambeba Zuhura na niko katikati ya mikorosho ya watu, nimelala kifudifudi. Majirani wakasema nina majini. Watoto wa kaka wakaanza kuogopa kulala. Siku moja wifi aliniambia, akilia, "Wifi, mimi sikuchoki, lakini nyumba hii haina amani tena." Niliona ana haki. Nikafunga furushi langu nikaenda Newala, na huko sikuwa na mwenyeji. Miezi ikapita tukilala kwenye baraza la duka, karibu na kituo cha mabasi, na asubuhi nikimsaidia muuza uji kuosha vikombe. Ni huyo muuza uji aliyenipeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii, na afisa akanipeleka Masasi, kwenye nyumba ya akina mama.

Nyumba yenyewe haikuwa na kibao. Ilikuwa na vyumba vilivyopangana, jiko nje, na uwanja uliofagiliwa vizuri. Msimamizi alikuwa nesi mstaafu kutoka Iringa, Mama Neema, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanionyesha chumba na kunipa ufunguo mkononi.

"Mlango unafungwa kwa ndani. Ufunguo ni wako. Hapa hata mimi nagonga."

Nililala na viatu miguuni. Furushi sikulifungua. Mama Neema aliliona kila alipogonga na kuingia, lakini hakuwahi kuniuliza kuna nini ndani.

Tulikuwa wanawake wa kila namna. Mmoja alifukuzwa na wakwe baada ya kufiwa na mume. Mwingine alikuwa hajasema lolote tangu afike, naye hatukumlazimisha. Jirani yangu wa chumba, Asumpta, alitoka Newala na mkono uliovunjwa ukaunga vibaya. Mwanzoni niliona aibu kukaa nao, nikidhani vita yangu ni kubwa kuliko zao. Asumpta alinisoma. "Dada Hadija," alisema siku moja tukitwanga kisamvu, "vita yako ilitoka porini. Yangu ilikuwa inakaa mkekani, inakula ugali wangu, na inadai mboga iongezwe." Tulicheka hadi mchi ukaanguka. Tangu siku ile tukawa marafiki.

Asubuhi tulikwenda kubangua korosho kwa pamoja, jioni tulipika kwa zamu, na mara moja kwa wiki tulikaa kwenye duara tukaongea, mwenye la kusema aseme. Niliacha kukimbia bodaboda. Nilianza kuvua viatu. Nilinunua hata hereni, za bati lakini zinang'aa. Kila tulipolala Zuhura aliniuliza swali lilelile: baba akija tutajuaje? Nami nilimjibu, "Atagonga mara tatu, tutamfungulia."

Utaratibu wa nyumba ulikuwa kwamba mtu akipata nguvu husaidiwa kupanga chumba chake mwenyewe. Zamu yangu ilipofika nilikataa. Nilimwambia Mama Neema kwamba kaka yangu nimemtumia habari kuwa niko hapa, na nikihama Athumani atapotea njia. Mama Neema hakubishana. Aliniuliza tu, "Wewe ni mke wa mtu, au mjane?" Mke huwa na mume, mjane huwa na kaburi. Mimi nilikuwa na ahadi ya mtoni.

Somoe aliletwa mchana, nikiwa jikoni. Ng'ambo alikuwa jirani yangu, mke wa mwenye kinu. Alikuwa amekonda, ila sauti yake niliitambua kabla sijainua uso.

"Mama Zuhura?"

Tulishikana tukalia. Kisha akajitenga kidogo, akanitazama hereni.

"Habari hazijakufikia," alisema.

"Habari gani?"

Alikaa chini kwenye majivu, bila kujali nguo.

"Wale walipoondoka tulirudi kuchimba muhogo. Tuliwakuta kwenye mikorosho ya nyuma ya kwenu. Athumani amembeba mama yake mgongoni, kanga bado imefungwa."

Sufuria ilikuwa inachemka. Niliitazama.

"Tuliwazika, dada. Aliyejua kusoma alisoma. Jeneza hatukupata. Tuliung'oa mlango wako, ndio uliowabeba."

"Lini?"

"Wiki ileile mliyokimbia."

Nilivua hereni. Nilikwenda kwa Mama Neema nikamwomba kitambaa cheupe, nikamwambia nakaa eda. Nilimweleza, maana yeye ni Mkristo: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi. Nilimkumbuka mama yangu Chilangala alipofiwa na baba. Watu walimletea maji na kuni, na hakuna aliyemwuliza atafanya nini na maisha yake. Alikuwa na kazi moja tu, kumlilia mumewe. Niliitaka kazi hiyo. Niliitaka kuliko chakula.

"Chumba ni chako," alisema Mama Neema. "Kaa." Lakini kwa kuwa ni mtu wa kupenda jambo lifanywe sawasawa, akamwita shehe wa msikiti wa jirani aje kunielekeza.

Shehe alikuwa mzee mpole. Alikaa nje ya mlango, mimi ndani, na Somoe akamweleza alichokiona. Alimwuliza maswali mawili matatu, kisha akasema:

"Mama, eda huhesabiwa tangu siku ya mauti, si tangu siku ya habari. Yako imeshakwisha. Huna unachodaiwa."

Alidhani ananipa nafuu. Aliniombea dua, akaenda zake.

Mimi nilibaki nikiitafuta hiyo eda ilipita wapi. Ilipita nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mikorosho ya kaka. Ilipita barazani Newala, nikiosha vikombe vya uji. Ilikwisha kabla sijaijua Masasi. Na hapo Masasi nilikuwa nimecheka na Asumpta, nimejitia hereni, mjane nisiyejijua. Niliumia, na naona bado naumia. Wale walichukua mume wangu kwa asubuhi moja. Kilio chake walikichukua taratibu, mwenyewe nikiwapo.

Asumpta aligonga. "Mimi shehe simjui," alisema, "lakini maji haya nimekuletea." Nyuma yake alikuwa mwingine na kuni, na yule asiyesema alikuwa na mkeka. Walikaa nami siku tatu. Hawakuniambia nijikaze. Siku ya nne nilifungua furushi. Mlikuwa na kanga mbili, kikombe, na mihogo ambayo Bi Asumini alikuwa ameimenya, imekauka na kuwa myeusi. Niliizika nyuma ya jiko.

Kisha nikamwambia Mama Neema kwamba niko tayari kuhama.

Chumba kipo Lisekese, hapahapa Masasi, kwa mama mmoja mwenye ng'ombe. Asumpta alinisaidia kubeba vitu, akaukagua mlango na kusema fundi aliyeuchonga alikuwa amelewa uraka. Kweli umepinda, Athumani angeusema mwaka mzima. Asumpta alipoondoka niliusukuma kwa bega, nikafunga kwa ndani, nikaweka ugali chini.

Zuhura alikuwa anautazama ule mlango.

"Mama, baba akija hapa atagonga?"

Nilimnawisha mikono kwanza.

"Hapana, mwanangu. Baba hatagonga. Baba amekufa."

Kisha akaja akakaa upande wangu, tukala.