Siku Niliyoahidi Kupanda Paa la Mjane

Nichekeni kwanza mmalize, ndipo niwasimulie, kwa sababu tukifika katikati hamtakuwa tena na hamu ya kucheka, na mimi mwenyewe hadi leo nikipita mahali mtu anaezeka nyumba huwa natazama chini kama mwizi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nimetoka chuo kikuu na shahada ya ualimu, serikali haiajiri mtu, basi nikakubali kufundisha darasa la pili katika shule moja ya msingi upande wa Magunga, huko Ujaluoni, wazazi wa wanafunzi wakinilisha kwa zamu. (Jina langu ni Ochieng', Mjaluo kamili kwa jina, lakini nimezaliwa na kukulia Nakuru, na mila za kwetu nilizijua kama mtu anavyoijua mvua akiwa ndani ya nyumba.)

Watoto wale walikuwa wanasoma kwa kuimba. Wanaimba ukurasa mzima hadi nukta ya mwisho, ukiwafunikia kitabu wanaendelea kuimba, lakini ukiwauliza huyu Juma alienda sokoni kufanya nini, kimya. Jambo hilo lilinisumbua kuliko lilivyostahili (mambo mengi hunisumbua hivyo), nikaanza kuwaandikia ubaoni hadithi fupi zisizo na mwisho: kuna shida, haya, tufanyeje? Wa kwanza kufunguka alikuwa Atieno, msichana mdogo wa kukaa karibu na mlango, ambaye muhula wa kwanza hakuwa akisema hata jina lake kwa sauti. Sasa alikuwa anasoma taratibu, ananyamaza, anafikiri, halafu mkono unapaa. Nilikuwa namwonea fahari kama niliyemzaa.

Ikaja Siku ya Wazazi. Mwalimu mkuu akaniambia, "Ochieng', wape shairi waimbe, wazazi wapige makofi, tule, tuende nyumbani."

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nikawaza kwamba shairi halionyeshi kitu, wazazi waone watoto wao wakifikiri, kwa hivyo hadithi, lakini hadithi gani? Mbuzi aliyepotea? Rahisi mno. Mtoto mgonjwa? Itawahuzunisha. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, nikaona hapo hapawezi kumkera mtu, nikaandika: *Mvua inanyesha. Paa linavuja. Baba hayupo. Watoto wanalowa. Mama afanye nini?* ("Baba hayupo" niliiweka ili swali liwe gumu kidogo. Nilimaanisha amesafiri.)

Wazazi wakajaa chini ya turubai. Watoto wakasoma. Mkono wa Atieno ukapaa kabla ya wengine wote.

"Mama asipande, mama hapandi juu ya nyumba," akasema. "Baba mdogo asiitwe, mama hataki. Amwite mwalimu. Mwalimu ni mrefu, aweke nyasi."

Pakawa kimya. Mimi nikadhani ni kimya cha watu waliostaajabia elimu.

"Vizuri sana, Atieno! Kwani kwenu kunavuja?"

"Ndiyo, mwalimu. Pale tunapolala."

"Basi jibu ni sahihi kabisa. Mwalimu atakuja kupanda!"

Wanawake wakaziba midomo kwa leso. Mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti, "Bwana harusi amepatikana!" na mwingine akadakia, "Kumbe chuo kikuu walikukosesha wasichana, mwalimu?" Turubai zima likalipuka, watoto nao wakacheka bila kujua wanachocheka, na mimi nikacheka nao, nikifikiri ni utani wa kawaida, mpaka nilipomwona mama yake Atieno akiinuka katika safu ya pili, akajifunga leso na kuondoka bila kumtazama mtu.

Mwalimu mkuu alinivuta nyuma ya jiko la shule.

"Wewe ni Mjaluo wa wapi? Yule ni mjane. Mjane asiyerithiwa na ndugu wa mume, nyumba yake haiguswi. Mwanamume anayepanda paa lake, huyo ndiye amemrithi. Umemposa mbele ya kijiji kizima."

Kisha akanieleza yaliyobaki kwa sauti ya chini. Mumewe alikuwa amekonda mpaka akaisha. Aliyetakiwa kumrithi alikuwa Owuor, mdogo wa marehemu, ambaye naye alikuwa amemzika mke aliyekonda vivyo hivyo. Ugonjwa wenyewe hakuutaja, sikumuuliza. Mama Atieno alikataa, akisema kanisa lake halikubali, wazee wakaona wangoje, na kwa misimu kadhaa ya mvua amelala chini ya paa linalooza kwa sababu ndilo lililokuwa likimlinda.

Ningeachia hapo, lakini mimi huwa siachii. Nikawaza, na kuwaza, nikafikia kwamba karatasi ya nailoni si nyasi, kwa hivyo kuitandika si kuezeka, nikanunua kipande na kukipeleka mwenyewe mchana kweupe, watoto wakinifuata nyuma wakiimba.

Mama Atieno alinikuta langoni. Hakufoka.

"Mwalimu, rudi. Usiingie hapa, tafadhali."

"Mama, nimekuja kuomba radhi, na hii ni nailoni tu..."

"Mimi nilikuwa nimenyamaza, na wao walikuwa wamenyamaza. Wewe umewaamsha."

Owuor alikuwa ameshafika, amesimama kando ya ua na wazee wawili. Aliitazama ile nailoni mkononi mwangu, akatabasamu. "Mmeona, wazee? Tuliambiwa hataki kurithiwa. Kumbe anachagua."

Nilijieleza kwa Kiswahili, kwa Kijaluo changu kibovu, kwa Kiingereza hata, na kila nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu mwenye la kuficha. Wazee wakakaa kikao. Kanisa likamwita mama huyo kumuuliza habari za mwalimu. Hakubaki na wa kumtetea, na wiki iliyofuata Owuor akapanda juu ya paa na mafungu ya nyasi mpya.

Atieno aliendelea kuja shule, mkavu, halowi tena. Niliandika hadithi nyingine, nikamuuliza yeye anaonaje. Aliutazama ubao, midomo ikicheza, na niliona wazi kwamba jibu analo.

"Sijui, mwalimu."

Nimeapa sitauliza tena swali mbele ya umati kabla ya kujua linakwenda kuingia nyumba ya nani. Kiapo chenyewe kimechelewa. Mama yake tulikutana njiani kuelekea kisimani kabla sijahama. Akashusha macho, akaniamkia kwa adabu, akauliza tu kama mtoto wake anafanya vizuri darasani. Nikamwambia anafanya vizuri.