Neno Chaji Lililonirudisha Musoma

Walisema sitaweza. Niliporudi Musoma na diploma yangu ya umeme, baada ya miaka ya kuajiriwa Dar es Salaam, mjomba wangu wa Guta, kule Bunda, aliniuliza mbele ya ndugu, "Yaani umesomaga kote huko, mura, uje kuchaji simu za watu?" Wakacheka. Hata hivyo aliniazima paneli yake ya sola, kwa sharti: msimu mmoja wa giza, wa uvuvi wa dagaa, ukiisha sijapata wateja, anaibeba. Shangazi wa Butiama akaniazima meza, jirani wa Iringo ngazi.

Mjomba hakulijua neno alilolidharau. Chaji ni uhai wa simu. Ni bei anayokutoza fundi. Ni nguvu ya mwili pia, ndiyo maana mama muuza uji wa Iringo huniambia, "Maliza hicho kikombe, baba, upate chaji." Muuguzi mkuu wa zahanati ni inchaji, na akipita korido nzima inanyooka. Waingereza walituletea neno hili, sisi tukalipa kazi nyingi zaidi. Sijaona lingine linalojituma hivyo.

Mimi nililitafutia kazi kwenye betri za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika, na wachaji betri wote wa mjini hufunga. Mimi ndipo nilipoanza. Nilipakia paneli kwenye boti nikaenda kisiwa cha Rukuba, nikawakuta wanashona nyavu.

"Umekuja kuchaji nini, injinia?" mzee wa kambi aliuliza. "Mwezi?"

"Betri zenu zinazozimika katikati ya kazi," nikamjibu.

Mjini walizichaji kwa pupa, asubuhi zinapokelewa, mchana zinarudishwa. Mimi nilikuwa na mbalamwezi nzima. Nilikwangua ukoko mweupe kwenye vichwa vyake, nikaongeza maji, nikaziacha zijae polepole. Hapo ndipo diploma ilipoonekana.

Giza liliporudi, boti za Rukuba ziliingia asubuhi zimejaa dagaa, na taa bado zinawaka juani.

"Tumeziacha makusudi," mzee alisema. "Wale wa ng'ambo wazione."

Msimu haujaisha, wale wa ng'ambo nao wakaniletea betri zao. Kisiwani siku hizi naitwa inchaji, na sijawahi kulikataa jina hilo.

Kwetu huwezi kurudisha kitu cha watu mikono mitupu. Nikakodi kirikuu, kigari cha mizigo. Ngazi ilirudi Iringo na sangara mzima, meza ikarudi Butiama na mchele, paneli ikafika Guta juu ya gunia la dagaa. Mjomba aliifuta vumbi kwa mkono, akaigeuza huku na huku akitafuta ufa.

"Na wewe utatumia nini?"

"Ninazo zangu, mjomba."

Akamwita mkewe aweke maji ya ugali. Nilikula kwake nikashiba, sidaiwi na mtu yeyote mkoa mzima wa Mara.