Weusi Chini ya Macho ya Dada

Dada yangu alizaliwa na weusi chini ya macho, na maisha yake yote watu walimuuliza kwa nini halali. Alikuwa akilala kama gogo. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja tangu utotoni naweza kuapa. Weusi ule aliurithi kwa nyanya yetu, mama yake baba, aliyezikwa huko magharibi kabla mimi sijajifunza kutembea. Mimi sikuambulia hata kidogo. Nilichukua uso wa mama, mpana na wa kawaida, na nilikuwa nikimtania dada kwamba yeye amevaa miwani isiyovuliwa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tukiishi Kitengela, mimi, yeye na binti yake wa miaka mitatu, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Mimi nilikuwa karani kiwandani upande wa Athi River. Yeye alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe na sanduku moja na mtoto mgongoni. Albamu ya picha ilibaki huko, na alipotuma mtu kuifuata, aliambiwa hakuna kitu kama hicho. Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Miguu ilivimba, mashavu yakaingia ndani, na ule weusi ukazidi kukolea. Ulikuwa moyo, lakini miaka ile mtu akikonda majirani hawakuuliza, walijijibu wenyewe. Jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyezoea kuja kuomba chumvi na kukaa hadi chai iishe, aliacha kuja. Hata leo nikimkumbuka huwa nakasirika.

Asubuhi moja dada alikuwa ameketi mlangoni anaota jua. Akaniambia, "Nataka kupigwa picha."

"Ya nini?"

"Ya huyu." Alimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Sina hata moja. Na kitambulisho nayo, mtu akifa, serikali inachukua. Huyu atakua akiuliza nilikuwa nakaa aje, utamwonyesha nini?"

Sikumwambia aache kusema hivyo. Daktari wa Kajiado alikuwa ametuambia sote wawili kwamba moyo ule hautapona, tukiwa tumeketi kwenye benchi moja. Tena kwetu, picha inayobebwa mbele ya jeneza ndiyo hutundikwa sebuleni baada ya mazishi, na juu yake kitambaa cha kufuma. Miaka inapita, mtu anabaki na sura ile moja. Dada alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

"Lakini si na haya macho," akaongeza. "Sitaki anikumbuke nikiwa mgonjwa."

Tulikwenda kwa mama mmoja Msomali, mwenyeji wa Garissa, aliyekuwa na duka la manukato, hina, wanja na mafuta ya nywele. Alimkalisha dada kwenye kistuli, akamshika kidevu na kumwinua uso kuelekea mlangoni penye mwanga. Tangu dada aanze kuugua, hakuna aliyekuwa amemgusa usoni isipokuwa mimi na daktari. Nilimpenda yule mama papo hapo.

"Dada, hii si ya ugonjwa," akasema. "Hii ni ya kuzaliwa. Kwetu wengine wanapaka wanja kutwa nzima na hawapati macho kama haya."

"Basi niuzie kitu ya kuitoa."

Mama akafungua kichupa kimoja cha rangi ya uso, akampaka tone nyuma ya mkono. Ilikuwa rangi ya kahawia. "Hii ndiyo yako. Inashikana na ngozi."

"Kahawia niko nayo tayari, mama, na hakuna mtu alinilipisha," dada akasema. "Nipatie hiyo nyeupe."

"Hiyo ni ya wazungu, wallahi! Utakaa kama umetoka kuchota majivu."

Tukacheka wote watatu, na dada akacheka hadi akashika kifua. Lakini hakubadili nia. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kitu kikiwa cheusi sana, kinahitaji cheupe sana. Mama alijaribu mara nyingine, akampaka kahawia jicho moja na nyeupe jicho jingine, akampa kioo. Dada akajitazama kwa muda mrefu, akageuza uso huku na huku. Kisha akaweka kidole kwenye kichupa cha nyeupe, na mama akampaka chini ya macho yote mawili.

Njiani kuelekea studio alikuwa kichekesho. Mama mmoja mzee wa Kimaasai aliyeketi na mitungi ya maziwa, tuliyemzoea na ambaye kila siku alitusalimu "Sopa", alimtazama dada, akasahau kusalimu. Dada akamsalimu yeye, akapita na kichwa chake juu. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto, nikitamani kucheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mpiga picha alimsimamisha mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Dada alikataa kumshika mtoto mikononi. Alisema mtoto atasumbua, lakini najua alihofia kumwangusha. Taa ya kamera ikawaka mara moja. Wakati huo filamu ilipaswa kwanza ijae, ndipo ipelekwe Nairobi kusafishwa, kwa hiyo tuliambiwa tungoje. Tulipokuwa tukingoja, dada alizidiwa akalazwa Kajiado.

Nilimpelekea picha wodini. Nilikuwa nimeitazama njia nzima na sikuamini. Ile taa ya kamera na ile rangi ya wazungu zilikuwa zimeelewana. Majivu yote yalipotea. Chini ya macho palikuwa laini na pang'avu, na mwanamke pichani alikuwa mzuri, mwenye afya, mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Dada aliishika kwa mikono miwili. "Huyu amelala," akasema. "Mwangalie. Huyu mwanamke amelala usingizi mzuri."

Aliniomba niiegemeze kwenye kikombe, aione bila kuinua kichwa. Sijawahi kumwona ameridhika hivyo. Hakutoka wodi ile.

Picha ilibebwa mbele ya jeneza, ikatundikwa sebuleni, ikafumiwa kitambaa cheupe. Mtoto alikua chini yake. Alifundishwa kuiaga akienda shule na kuisalimu akirudi. Mimi nikawa Anti na mama pia, na tuliishi kama watu wengine wanavyoishi, kwa kelele na uji na magonjwa ya kawaida.

Alipokuwa na miaka kama kumi na mmoja hivi, nilimwona asubuhi moja anakunywa chai, mwanga wa dirishani ukimpiga upande. Weusi ulikuwa umeanza kuingia chini ya macho. Nilirudi jikoni, nikashika meza. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyeona mgeni wake anakuja kwa mbali. Wala sikusema kitu.

Lakini alipoingia kidato cha kwanza, wasichana wa bweni walisema kwa niaba yangu. Alirudi likizo amekunja uso. Hakuweka hata sanduku chini.

"Anti, wanasema napigwa nyumbani. Wengine wanasema niko na ugonjwa. Hizi alama za macho nimetoa wapi?"

"Ni za mamako."

Akainua macho ukutani. Mwanamke aliyelala vizuri alimtazama. Mtoto akanigeukia, na uso wake haukuwa na hasira tena, ulikuwa na huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufarijiwa.

"Anti, usinibembeleze. Mama hakuwa nazo. Mimi sifanani na yeye hata kidogo."

Nilisema yote niliyoweza. Nilimweleza habari za nyanya, za duka, za taa ya kamera. Alisikiliza kwa adabu, jinsi watoto yatima wanavyojifunza kusikiliza, kwa sababu kila mtu wa ukoo huwaambia jambo zuri na wao hawajui lipi ni la kweli. Mwishowe akasema anataka tu rangi ya kuficha, ya kupaka wakati wa likizo.

Nikampeleka kwa yule mama Msomali wa duka. Duka lilikuwa limepanuka, na mwenyewe amenenepa na kuanza kutumia miwani. Sikumtambulisha mtoto. Nilisema tu, "Huyu anataka kitu ya macho."

Mama akamshika kidevu, akamwinua uso kuelekea mlangoni penye mwanga. Kisha akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Huyu ni wa yule dada," akasema. "Yule alikataa kahawia."

Mtoto akamshika mkono. "Alikuwa nazo?"

"Kama hizi hizi, mwanangu. Mimi mwenyewe nilizipaka na hiki kidole."

Alilia pale kwenye kistuli, na mama akamwacha alie, akamshikilia kidevu tu. Baadaye tulinunua ile ya kahawia, maana wasichana wa bweni bado walikuwepo na mimi si mjinga.

Tulipofika nyumbani hakuijaribu. Alivuta kiti, akapanda, akaiondolea picha ile kitambaa chake. Akalowesha pembe ya leso kwa ulimi, akaanza kusugua kioo chini ya macho ya mama yake, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, hadi fremu ikagonga ukuta.

"Anti," akasema bila kugeuka, "hii rangi haitoki."