Kiingereza cha Muuza Ndagala

Muuza ndagala, wale dagaa wakavu, wa soko la Kimanga kando ya ziwa hajifunzi Kiingereza kwa mdomo mtupu. Akisema "pick up" anainua kikapu, akisema "put down" anakitua, na kila akifika kwenye "but" anasita kidogo, anapangusa viganja kwenye kitenge, ndipo anaendelea. Simu yake yenye kioo kilichopasuka inamsomea maneno, naye anayarudia kwa sauti ile ile ya kuitia wateja. Dalila, anayeuza mawese meza ya pili, humcheka: "Weye mama, hao samaki iko wanasikia?" Mwenzake hageuki. "Watasikia wanunuzi wa Mpulungu, kule Zambia."

Jumanne mnunuzi kutoka Zambia alikuja, akazibonyeza ndagala, akakunja uso na kutupia mfuko wake begani aondoke. Mvua ilikuwa inashuka mlimani, na ndagala zikilowa hakuna atakayezitaka. Dalila alishaona biashara imekufa. Muuza ndagala hakumkimbilia wala hakushusha bei. "If you go away, I pack up," alisema, akikamata mdomo wa gunia la ndagala kama anayelifunga. Akasita, akapangusa viganja. "But if you sit down, we work it out." Akamsogezea kigoda kwa mguu. Dalila hakujua hata neno moja, ila mikono aliielewa: ukienda nafunga, ukikaa tutaelewana. Yule bwana alitazama gunia, akacheka, akakaa.

Dalila akavuta meza yake karibu. "Mama," akanong'ona, "umuulize kama iko anakula na mawese."