Nilipeleka nguruwe Nairobi ampe ndugu yangu figo

Wakuu, habari za mchana.

Mimi si mtu wa kushtuka. Niliachia shule darasa la nne, nikauza mbuzi kwa miguu, leo niko na maduka matatu na posho mill hapa Zombe. Nimeona ukame, nimeona fisi akitoka kanisani. Nilijua hakuna kitu imebaki ya kunishangaza.

Hii ni kweli tupu. Mama yangu yuko hai, muulizeni.

Ilikuwa miaka ya tisini. Ndugu yangu mdogo Mutinda, mzee wa kanisa, figo zote mbili ziligoma. Akavimba uso mpaka watoto wake wakamwogopa.

Daktari wake Nairobi, kijana wetu wa Mbooni, akasema bila figo ingine hatafika Krismasi. Halafu akaniangalia mimi.

Mimi nikaangalia dirisha.

Wakuu, siogopi mtu, lakini kisu ni maneno ingine. Nikakumbuka redio ilisema wazungu wanajaribu viungo vya nguruwe kwa binadamu. Nikauliza.

"Wanajaribu, mzee, lakini nguruwe ako na sukari fulani. Mwili wa mtu ikiiona tu, inashambulia."

Sukari! Hiyo tu?

Kwetu mtu wa ugonjwa wa sukari ananyimwa chai tamu, anapewa mwarobaini. Nikapanda mpaka soko ya Kikima, nikanunua nguruwe, nikaifungia nyuma ya duka. Hakuna viazi vitamu, hakuna maganda ya ndizi. Mwarobaini asubuhi, mwarobaini jioni. Ilinichukia mpaka ikisikia kikohozi changu inapiga nduru.

Mutinda akaja kuitazama. "Sasa hii ikiingia ndani yangu, si nitakoroma nikiongoza maombi?"

"Kwani saa hii unafanyaga nini?" bibi yake akamjibu.

Tulicheka. Lakini yeye alicheka akishikilia ukuta, pumzi hakuna. Sikungoja tena.

Nikapakia nguruwe kwa pikapu, moja kwa moja mpaka hospitali. "Daktari, figo iko nje. Sukari imeisha."

Akatoka, akaona, akakaa chini kwa ngazi. Alicheka mpaka nesi akamletea maji. Halafu akapangusa macho.

"Mzee, ng'ombe wa ukoo wenu mnamjuaje?"

"Si kwa chapa?"

"Ukimnyima nyasi, chapa inatoka?"

"Aiya! Itatokaje na ni ya moto?"

"Basi hiyo sukari ni chapa. Haitoki kwa chakula, nguruwe amezaliwa nayo, iko mwili mzima mpaka ndani ya figo. Damu ya mtu ikiona chapa ya wageni, hiyo figo inageuka nyeusi siku hiyo hiyo."

Hapo nikaelewa kuliko watu wa digrii. Nikauliza kwa mdomo wangu mwenyewe, "Na chapa inakaribia ya Mutinda, iko na nani?"

Akaniangalia tena. Safari hii hakukuwa na dirisha. Tulikuwa nje.

Nikapimwa, ikapatana.

Leo Mutinda bado anaongoza maombi, na bado anakoroma. Nguruwe nilirudi nayo Zombe. Hakuna mtu alikubali kuila, wote walisema itakuwa chungu.

Funzo: daktari akitaja neno unalolijua, muulize analijua yeye aje.

Wale mmewahi kutoa figo, semeni hapa: hiyo upande inawasha mvua ikikaribia, ama ni mimi tu?

Na kabla mniulize ilinigharimu ngapi: nguruwe elfu mbili na mia tatu, petroli mia sita, na figo moja, ya kushoto.