Jua la Hapa Linapita Kaskazini

Kuna Jumapili moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu, halafu machozi yananilengalenga. Nakuita mwanangu ingawa sina mvi hata moja. Wewe umefika Johannesburg juzi, mimi ugeni nilishauonja, basi nivumilie nikuusie.

Nilikuwa nikiishi Hillbrow, chumba kimegawanywa kwa mapazia, tunalala watu wa nchi nne. Usidhani wingi wa watu unaondoa upweke. Kila mtu anarudi amechoka, anakuambia "sharp", yaani poa, anajifunika. Nikipiga magoti naona maneno yangu yanaishia darini. Nikamwambia Mama Furaha, Mkongo aliyekuwa akinisuka nywele, kwamba Jumapili hiyo nasali kwa mara ya mwisho. Mungu akinyamaza tena, basi, tuachane kwa amani.

"Ile ya mwisho ukuje tusali wote," akasema. "Siye tunasaliaka inje."

Huko nje ni kilima cha mawe juu ya Yeoville, ambako makanisa ya kanzu nyeupe hupiga ngoma tangu alfajiri. Kundi letu lilikuwa dogo, halina ngoma. Liliongozwa na Sista Brida, mtawa mzee wa Ayalandi aliyejifunza Kiswahili alipokuwa akifundisha Tabora. Alitufundisha kusali kama Wakristo wa kale wa kwao: unashukuru kwa upepo kabla hujaomba chochote, unagusa jiwe na kumsifu aliyeliumba. Mwisho unanyoosha kidole, unajizungusha polepole kwa kufuata mwendo wa jua, ukichora duara la ulinzi wa Mungu kukuzunguka.

Ilikuwa Juni, baridi inauma masikio. Wenzangu wote wakageuka kuume. Mimi nilikuwa nauza matunda Marshalltown, na wakati wa baridi nilisogeza kiti changu kutwa nzima nikilifuata jua linavyohamia kushoto. Mwili ukageuka wenyewe kushoto. Paa! Nikagongana pua na Mama Furaha.

"Eish! Weye unaenda wapi?"

"Nafuata jua, mama."

"Jua gani iyo? Ya kwenu?"

Watu wakaangua kicheko. Sista Brida hakucheka. Aliinua kidole, akakipitisha taratibu kutoka mashariki, juu ya maghorofa ya kaskazini, mpaka magharibi.

"Kwetu jua linapita kusini," akasema. "Hapa linapita kaskazini. Nimezunguka kinyume tangu nije."

Akakaa juu ya jiwe. Nikaenda kukaa karibu naye.

"Mama yangu alikufa sipo," akasema. "Dada zangu pia, mmoja mmoja. Nadhani sikutaka kuliacha jua lao."

"Unapakumbuka kwenu, Sista?"

"Kila siku, binti yangu. Kila siku."

Mwanangu, nilidhani watawa hawajui upweke! Nikamshika mkono, wa baridi kama jiwe lenyewe. Baadaye akasema, "Haya, nionyeshe." Tukazunguka wawili kushoto, yeye ameshika kiwiko changu, mimi naogopa asijikwae, na moyoni nasema: Mungu wangu, mtunze huyu bibi. Tulipomaliza mzunguko ndipo nikagundua kwamba nimesali, na kwamba maneno hayakuishia popote.

Haikuwa mara ya mwisho. Upweke haukuisha siku ile, nisikudanganye. Hata sasa kuna jioni unanikalia kifuani. Lakini nikiwa nao, nasali.

Basi nakuusia hivi. Usimwombe Mungu kama mtu anayepiga simu kwao, eti yeye amebaki kule ulikotoka. Toka nje. Tazama jua linapitia wapi hapa ulipo, shika nyasi za hapa, mshukuru kwa mvua ya mawe ya hapa. Na ukimwona mtu anazunguka kinyume usimcheke sana, kaa naye. Huenda anamlilia mtu aliyemwacha kwao.

Aliyeumba milima na sisimizi akushike, mwanangu. Usingizi wako uwe mtamu, chakula chako kiwe na wa kula naye, na mlango wako usikose mtu wa kubisha hodi. Amina.