Mpunga Kwenye Nyasi za Bwana

Nawaeleza mwenyewe, maana sokoni Korogwe wameanza kunicheka.

Mimi ndiye niliyekuwa natunza bustani ya bwana mkubwa wa Kijerumani pale bomani. Masika haya maji yalituama kwenye uwanja wake wa nyasi mpaka zikaoza, yakabaki mabaka ya tope. Hamsa ishirini, yale mapigo ishirini na matano ya kiboko kwa mtumishi mzembe, nazijua kwa kuzisikia tu, na sikutaka kuzijua zaidi. Basi nikaleta miche ya mpunga kutoka kwetu Magoma, nikaipandikiza kwenye mabaka. Bwana, akidhani ni nyasi zake, akausifu ukijani wake, nami nikavimba kichwa.

Kisha akanichukua safari ya Handeni, tukakaa huko mpaka mvua zikaisha. Sikutulia hata kidogo, nikiwaza mpunga usio na wa kuukata.

Tuliporudi, masuke yalikuwa yameinama na ndege wamejaa.

"Ndege hawa wanafuata nini?" bwana akauliza.

"Wanapenda nyasi za kizungu, bwana."

Shangazi yangu, aliyekuwa ameniletea chakula, akatua kapu lake, akawakimbilia ndege akipiga makofi.

"Mwanangu, mpunga wako unaliwa, nawe umesimama unapiga soga na mzungu?"